Ng'ombe wa Kompyuta ya Kona

Mzee Lesiamon alishuka kutoka ghorofa ya kwanza na rungu mkononi, kuja kugombana na Wasike kuhusu kelele. Chumba cha gemu cha Wasike kiko chini ya jengo letu hapa Kitengela, karibu na kibanda changu cha mboga, na jioni vijana wakicheza kandanda humo ndani utadhani nyumba inabomolewa. Lakini Mzee alishuka asubuhi, vijana wakiwa shuleni na chumba kimya kabisa. Kelele gani hiyo? Nilicheka, kisha nikamhurumia. Mtu akizidiwa na upweke hutafuta hata wa kugombana naye.

Habari zake tulizijua sote. Mwaka ule wa ukame mkubwa, mkewe Soipan alikuwa amelazwa hospitalini. Mzee akabaki kando ya kitanda, ng'ombe akamwachia mchungaji wake Kakuta awapeleke Entarara kutafuta nyasi. Soipan akafa. Ng'ombe nao wakafia njiani, na yeye akaambiwa kwa simu. Baadaye binti yake Sandra, muuguzi huko Doha, akampangishia nyumba hapa ili awe karibu na daktari. Mke alimzika kwa mikono yake, lakini ng'ombe hakuwaona, na hilo ndilo lililomla. Ukimsalimia atakujibu vizuri, kisha atasema, "Walikufa bila mimi," nawe unabaki umeshika sukuma wiki.

Wasike ni mtu wa Bungoma, mpole, ila ana ugonjwa wake. Katika kona ya chumba ana kompyuta moja ya gemu za ajabu ambazo hakuna mteja anayezitaka. Anasema hutengenezwa na mtu mmoja au wawili tu, mahali fulani duniani, wakijaribu mambo yao. Kuna moja ambayo wewe ni upepo, kazi yako kuangusha nguo kwenye kamba. Kuna nyingine ya kunyoa jitu lililolala. Vijana humcheka. Kupenda kitu ambacho hakuna mwenzako anayekipenda nao ni upweke, na nadhani ndiyo maana alimpokea Mzee vile.

"Supa, Mzee," Wasike alimsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa. Wewe kijana, hiyo makelele yako..."

"Makelele gani na niko peke yangu? Kaa kwanza nikuonyeshe kitu."

Akamwonyesha gemu ambayo wewe ni kochi sebuleni, unangoja mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini huyo mgeni hakuja. Mzee alikodolea macho kile kioo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hii mimi nacheza huko juu kila siku, na situmii stima." Wasike alicheka mpaka akashika meza. Mzee hakucheka.

Siku iliyofuata alirudi bila rungu. Ndipo Wasike akamfungulia gemu ya ng'ombe. Haikuwa na vita wala pointi. Mtu mdogo mwenye fimbo anachunga kutwa, na jioni anawaingiza ng'ombe bomani. Mzee aliwatambua kwa rangi papo hapo, akawapa majina: Nanyokie yule mwekundu, Narok mweusi, Naibor mweupe, na wengine. Alikuwa akiwasemesha kwa Kimaasai kwa sauti, nami nikiwa nje nikipanga nyanya nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

Nanyokie alizaa. Lakini asubuhi nyingine Mzee alipofungua, ndama hakuwepo, na nyasi zilikuwa mbichi kama siku ya kwanza.

"Ndama ya jana iko wapi?"

"Haikuhifadhiwa, Mzee. Jioni inakuuliza ni ng'ombe wangapi wameingia. Usipoandika, lango halifungwi, na kesho inaanza mwanzo."

"Ng'ombe hahesabiwi."

"Ni gemu tu."

"Hata kama. Ukihesabu, unaita kifo ije ichague."

Kwa hiyo kila siku alianza upya, na kila siku ndama alizaliwa na kupotea. Wiki zikapita hivyo. Kisha akaanza kuchelewa kuondoka. Angekaa mbele ya lango lililo wazi, akimtazama ndama, hataki kuzima gemu. Siku moja nilimwona anafuta macho kwa kona ya shuka.

"Mzee," Wasike akamwambia, "mimi ni Mbukusu, mwiko huo si wangu. Acha nihesabu mimi."

Mzee alifikiri. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya kibanda changu na kuipa mgongo ile kompyuta.

"Mama Nyakio, niongeleshe," akaniambia. "Nisisikie."

Nikamwongelesha bei ya vitunguu. Ndani, Wasike akahesabu kimoyomoyo, akaandika, lango likafungwa. Asubuhi ndama alikuwepo. Basi ikawa desturi yao: jioni ya gemu ikifika, Mzee huja kwangu, tunasengenya kidogo, kisha anarudi ndani. Nilizoea. Nilianza hata kumwekea kigoda.

Lakini wale waliotengeneza gemu hawakuwa wajinga. Siku zilipoanza kuendelea, majira nayo yaliendelea. Nyasi zikageuka rangi, mto ukabaki mchanga. Naibor alikuwa wa kwanza kulala na kutoamka. Wasike alishtuka kuliko Mzee.

"Hii sikujua, naapa. Tuanze upya, Mzee. Nyasi itakuwa mingi, wote watarudi."

"Na huyu ndama?"

"Atazaliwa tena."

"Huyo atakuwa mwingine." Mzee aliivuta kibodi karibu. "Zile zangu ziliniona? Hazikuniona. Hizi zitaniona."

Akakaa nao. Gemu haikuwa na dawa wala mvua ya kununua. Kitu pekee ulichoweza kufanya ni kumfanya mchungaji aketi karibu na ng'ombe aliyelala. Mzee alimketisha kwa kila mmoja, akamwita jina lake hadi mwisho. Narok akaenda, Nanyokie akaenda. Jioni Wasike alikuwa na wachache zaidi wa kuhesabu, na pale kwangu mazungumzo yakaisha. Mzee alikuwa akisimama tu, nami nikisimama naye.

Ndama ndiye aliyebaki wa mwisho. Asubuhi alipolala, niliacha kibanda bila mtu nikaingia ndani. Mzee alimketisha mchungaji, akaimba kitu kwa sauti ya chini, mpaka ndama akatulia. Mchungaji akarudi bomani peke yake, na swali lile likatokea kama kawaida: wangapi wameingia?

Wasike alimtazama, akingoja atoke nje. Mzee hakutoka.

"Andika moja," akasema.

"Mzee," Wasike akasema polepole, "hakuna ng'ombe imebaki."

"Najua. Niko mimi. Andika."

Wasike akaandika, na lango likafungwa.