Moto Nilioutia Ndani ya Shimo Jeusi

Jamani, hili nalisema uso chini, maana mpaka leo nikimwona mama yake Upendo sokoni Igowole nachepukia kwenye mitumba, nijifanye nachagua mashati.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Upendo, binti mpole wa kidato cha tatu, aliniuliza siku moja ndani ya shimo jeusi, lile la angani linalomeza hata mwanga, kuna nini. Sikuwa najua. Lakini darasa zima lilikuwa linanitazama (na nilikuwa nimetoka kujisifu kwamba fizikia hainisumbui), basi nikajibu kuna moto mkali kuliko jua, unayeyusha kila kinachoingia, nikauchora na ubaoni.

Ningeishia hapo. Wapi! Siku ya wazazi ikatakiwa mada ya sayansi, nikampa Upendo aeleze shimo jeusi, naye akaukariri ule moto wangu neno kwa neno. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka Mbeya, ratiba imemwandika daktari, mimi nikadhani wa hospitali, kumbe anafundisha fizikia chuo kikuu (nililijua hilo alipotambulishwa, nimechelewa). Upendo alipomaliza watu walipiga makofi, kisha mgeni akamuuliza taratibu habari za moto amezitoa wapi.

"Mwalimu ndiye aliyenifundisha," Upendo akasema.

Mkuu wa shule akanigeukia. Nami, badala ya kukiri, nikashika maiki nikasema, "Nadhani binti hakunielewa vizuri."

Upendo alikunja karatasi yake, akaenda kukaa karibu na mama yake, aliyekuwa amevaa kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo. Mgeni akasema, kwa upole ulionichoma zaidi, kwamba mle ndani hakuna anayejua kuna nini, hesabu zote tulizonazo zikifika pale zinagoma, na kwamba hata yeye swali hilo linamnyima raha.

Jumatatu nilimwomba Upendo radhi mbele ya wenzake. Lakini uongo wangu waliusikia wazazi wote, radhi wakaisikia wanafunzi arobaini, na mimi najua tofauti yake.

"Nimekusamehe, mwalimu," alinijibu.

Siku hizi nisichokijua nasema sijui, na nimeapa sitaficha tena ujinga wangu nyuma ya mtoto wa mtu. Wanafunzi wananiuliza sana. Upendo tu ndiye hajanyoosha mkono tena.