Gunia la Makonyo

Kukaa kitako kulimshinda Mwatum binti Silima. Tangu mumewe Duni alipodondoka kutoka juu ya mkarafuu na kamba mbovu mkononi, akafa, bibi huyu hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kuinuka. Majirani zake wa karibu na Mtambile walishamzoea. Kukicha tu yumo mashambani, anakwenda mti kwa mti, anazivuta kamba ambazo wachumaji hufungia matawi yasiwakatikie. Iliyomtia shaka aliipitishia kisu. Mwenyewe akija juu, humjibu, "Bora unigombe mie kuliko nikupikie hitima."

Ni yeye aliyeanzisha gunia. Jioni watu walipokaa mkekani kuchambua karafuu, vile vijiti vinavyobaki, makonyo, kila nyumba ilimtilia gao lake. Makonyo nayo yana mnunuzi. Gunia likijaa, linauzwa, zinanunuliwa kamba mpya. Na anayeanguka anakodiwa gari ya kumpeleka hospitali ya Chake, na watoto wake wanapata cha kutia chunguni. Halikuwa na katibu wala mwenyekiti, na labda ndiyo maana lilijaa.

Mwaka wa sitini na moja ukaja na uchaguzi wake, watu wazima wakarukwa na akili. Wa chama hiki hanunui chumvi dukani kwa wa chama kile, na maiti akazikwa na nusu ya mji. Barazani wanaume wakaulizana nani awe mkubwa wa gunia, wao ambao siku zote walilipita mlangoni kwa Mwatum bila kulitupia jicho. Hija, bwana mwenye sauti nene na watu wengi nyuma yake, akajichagua. Wa upande wa pili wakasusa, wake zao wakaacha kuleta makonyo. Gunia likajaa kwa taabu, msimu umeshapamba moto.

Mwatum alihangaika. Mwanawe Masika, kijana wa watu wa Hija na mbishi kuwashinda wote, alikuwa akipandia kamba iliyokatika akaiunga fundo. Kisu cha mama kilisita hapo, akamtaka tu angoje mpya. Masika alisema karafuu hazingoji mtu. Kila siku alipotoka, roho ya mama ilipanda naye mtini, na haikushuka mpaka asikie kikohozi chake uani.

Siku moja alirudi mapema, fulana imeroa damu. Mwatum alimshika mabega, akamgeuza huku na huku.

"Si yangu," Masika alisema. "Msellem kaanguka. Mguu umevunjika."

Msellem alikuwa wa upande wa pili. Mwatum hakuuliza zaidi. Alilikamata gunia, akaanza kuliburura nje. Hija alikuwa keshafika, amesimama mlangoni.

"Bi Mwatum, hilo ni la wenzetu. Yeye kasusa."

"Kasusa makonyo, Bwana Hija. Mguu hakuususa."

"Na kamba je? Ukiliuza kwa ajili yake, vijana wako watapandia nini? Mwanao huyu atapandia nini?"

Hapo alimgusa penyewe. Mwatum alimtazama Masika, apate walau neno moja. Masika alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua damu iliyokauka viganjani. Mama akalishika gunia tena. Akamwambia Hija, "Nipishe," na Hija, ambaye hajawahi kumsukuma mwanamke maishani mwake, akapisha.

Gunia likauzwa, Msellem akaenda Chake kwa gari. Hija akatangaza barazani kwamba Bi Mwatum ameondolewa. Ameondolewa kwenye nini, hakuna aliyejua kusema.

Asubuhi Mwatum aliamka akakuta Masika ameshatoka. Alichukua kisu chake, akaenda mbio kwa miguu yake mibovu, akimlaani Hija, akimlaani na Msellem, Mungu amsamehe. Aliapa kuikata kamba ile hata kama mwanawe hatamsemesha tena.

Alimkuta Masika chini ya mkarafuu, amekaa juu ya majani makavu. Kikapu kitupu. Kamba iko mapajani mwake, vipande vipande.

"Nimeshaikata, mama," alisema. "Ya Msellem nayo ilikuwa na fundo. Niliiona ilivyoachia, nilikuwa mti wa pili. Mie ndiye niliyembeba mpaka njiani."

"Mbona jana hukunena, Hija kasimama pale?"

"Niliona haya."

Juu yao karafuu zilikuwa zimewiva nyekundu, na hakuna wa kuzichuma. Mwatum alikaa kitako kando ya mwanawe, akanyoosha miguu. Akakaa mpaka jua likapenya majanini, hakuinuka hata mara moja. Kisha akaitupia macho njia ya nyumbani kwa kina Msellem.

"Haya, inuka," alisema. "Twende kwa mkewe. Lile gunia halijai kwa mikono yangu mitupu, na weye ndiye utakayemwambia arudi kutia makonyo yake."