Injini Iliyokuwa Ikipumzika

Kwa miaka minne baba yangu alinisalimia kwa kunipa mkono. Kwa wengine hilo ni jambo la kawaida, lakini kwetu Wamaasai mtoto haombi mkono wa mzazi. Anainamisha kichwa, mzazi anamwekea kiganja utosini, anamwambia binti "Takwenya," naye anaitika "Iko." Hata uwe na mvi. Mimi niko na mvi, niko na wajukuu wawili, na bado nilikuwa nainama kila nikifika kwetu Kajiado. Yeye ananyoosha mkono mbele yangu kama anayemsalimia afisa wa mifugo. Nainua uso, naushika, na mama yangu anaangalia kando.

Kosa langu lilikuwa injini. Ilikuwa ya zamani, ya kusukuma maji kisimani, chuma kitupu, na magurudumu mawili mazito yaliyonifika mapajani. Baba aliiwasha kila asubuhi tangu kabla sijazaliwa. Ng'ombe wakisikia mlio wake waligeuka wenyewe kuelekea kwenye hori.

Tulipoletewa pampu ya sola, baba alikuwa Kimana kwa dada yake, wakivuna vitunguu, na mchungaji wetu wa ng'ombe ndiye aliyekuwa akiiwasha injini. Mimi ndiye kifungua mimba, tena ndiye fundi wa kukereza vyuma, nikaona nisafishe uwanja. Nilichomoa waya wa plagi injini ikiwa inazunguka, nikaita lori la vyuma kuukuu kutoka Kitengela, wakaikatakata kwa gesi pale pale. Nilidhani nimefanya la maana. Hata msingi wa saruji uliobaki niliupaka chokaa.

Baba aliporudi alisimama mbele ya ule msingi. Nikainama. Akanipa mkono.

Mwaka jana daktari akatuambia sikio lake la kushoto limekwisha na la kulia liko njiani. Nilitoka hospitali nimekasirika, sijui na nani. Nilijua kitu kimoja tu: masikio yakifa kabla hajaisikia tena ile injini, sitawekewa kile kiganja mpaka mmoja wetu azikwe. Na yule niliyemkatakatia injini yake hakuwa mtu wa kukubali pole ya mdomo.

Nikaamua kuijenga upya, ndogo, robo ya ile ya kwanza, lakini iwake kweli na ilie kweli.

Michoro sikuwa nayo. Nilikuwa na boliti nne zilizobaki kwenye saruji, nikazipima kwa futi, na picha moja ya baba akiwa kijana, kiganja chake kimelala juu ya gurudumu. Nikakiwekea rula pale pichani: gurudumu lilikuwa viganja saba na nusu. Sasa kiganja chenyewe nitakipimaje? Basi, kila aliponipa mkono nilikuwa nampima. Namshika, nahesabu vidole vyangu vinafika wapi, narudi garini, naandika. Mkono ule ule ulioniuma ndio ulionipa vipimo.

Magurudumu niliyamimina kwa alumini ya pistoni za pikipiki zilizokufa. Jirani yangu wa karakana pale Kitengela, mzee wa Garissa mwenye duka la hardware, alikuwa anakuja na chai yake kunicheka. "Mama, hii itasaga unga ya panya?" Namwambia aende akauze misumari. Lakini koili ya kutoa cheche ni yeye aliyenitafutia, tena bure.

Gurudumu la kwanza lilikuwa na mapovu ndani na sikujua. Lilipasuka likiwa kwenye mashine, kipande kikapita karibu na shavu langu kikatoboa mabati. Nilikaa chini kwenye vumbi la chuma. Halafu nikalia, si kwa sababu ya shavu, ni kwa sababu ya wiki tatu zilizopotea na sikio linaloondoka. Nikainuka nikawasha jiko nikamimina lingine.

Ilipowaka mara ya kwanza ilikuwa na tabia mbaya. Inapiga mara moja, tu! Halafu inakaa bila kupiga, fuu, fuu, fuu, magurudumu yanajizungukia tu, kisha tu! tena. Nimetengeneza injini za watu maisha yangu yote, na injini inayoruka mapigo ni mgonjwa. Nikaikaza springi ile inayozuia mwendo, nikaikaza tena, mpaka ikapiga kila mzunguko bila kukosa. Tutututututu. Aki nilijivuna! Mzee wa Garissa alinipigia makofi.

Jumapili nikaipeleka Kajiado, nikaifunga juu ya ule msingi wa saruji. Mama akamletea baba kigoda. Alikuja kwa sababu mama alimlazimisha, akakaa upande, sikio la kulia mbele. Nilimwaga maji kwenye birika lake la juu la kupoza, nikafungua kikombe cha oili, nikazungusha. Kimya. Nikazungusha tena. Kimya. Plagi ilikuwa imelowa. Nikaifungua, nikaipuliza, nikaifuta na leso yangu, baba ananitazama. Nilisema moyoni, Ee Mungu, usiniaibishe leo.

Ikawaka. Tutututututu.

Baba alisikiliza kidogo. Kisha akachukua fimbo yake akasimama.

"Hiyo ni pikipiki," alisema, akaanza kuelekea langoni.

Jamani, hasira niliyoipata! Miezi saba, vidole vimechubuka, shavu limeponea chupuchupu, na ni pikipiki? Nilitaka kuitupa kisimani. "Mama, umemsikia huyu mzee?"

Mama hakunionea huruma hata kidogo. "Yetu ilikuwa inapumzika," alisema. "Tangi likijaa, inapumzika zaidi. Mimi nilikuwa najua nikiwa jikoni. Wewe ulikuwa umeenda shule, utajulia wapi? Hii yako haipumui."

Nilisimama kama nimemwagiwa maji. Kumbe haikuwa mgonjwa. Kumbe kule karakana ilikuwa imeanza kulia vile vile kama mama yake, ile injini kubwa, na mimi, fundi mkubwa, nikaitibu mpaka ikapoteza sauti yake.

Baba alikuwa amefika kwenye miiba ya boma. Akivuka lango, upepo ungeubeba mlio, na lile sikio moja lisingeudaka. Sikuthubutu kuizima, maana ingekataa kuwaka tena. Nikaingiza spana ikiwa inazunguka, karibu na gurudumu, nikalegeza springi robo. Bado. Maji ya juu yalikuwa yameanza kutoa mvuke. Nikalegeza tena, kidole kikagusa bomba la moshi, ngozi ikabaki pale. Sikuachia. Nikalegeza mara ya tatu.

Tu! Fuu, fuu, fuu, fuu. Tu!

Baba alisimama. Ng'ombe hawakugeuka, wale wa siku zile walishaliwa zamani. Aligeuka yeye, kwanza sikio, halafu mwili wote. Akarudi polepole, akachuchumaa kwa shida, akasikiliza kwa muda mrefu mpaka nikaogopa maji yatakwisha.

"Haina mzigo," alisema. "Inapumzika sana."

"Sijaifungia pampu, Papa."

Akatikisa kichwa. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Ile nyingine. Nani aliizima?"

"Mimi."

"Ulizimaje?"

"Nilichomoa waya."

Alifumba macho kama aliyechomwa. "Miaka yote ile," alisema, "na hukuweza kuningoja siku mbili nitoke Kimana niizime mwenyewe?"

Miaka minne nilikuwa nadhani analilia chuma. Nilisogea kando ya msingi.

"Papa, hii izime wewe."

Alifunga petroli kwanza. Injini ikapiga mara mbili, kisha ikawa inapumua tu. Oili aliiacha idondoke. Aliweka kiganja juu ya gurudumu, kwa wepesi sana, kikaenda nalo, kikalipunguza, mpaka likasimama chini ya mkono wake. Ndipo akafunga oili. Akavua shuka lake la begani, akaifunika, maana hapakuwa na gunia la kuifunika kama ile ya zamani.

Alijiinua kwa fimbo. Nikainama kwa mazoea, macho chini, nikiusubiri ule mkono wa afisa wa mifugo utokeze mbele yangu. Haukutokeza. Kitu cha moto, kizito, chenye oili, kikatua utosini.

"Takwenya," alisema.

Nilishindwa kuitika, mpaka mama akanifinya.