Hewa Kwenye Kona ya Kushoto

Karakanani walimwita Brashi, na jina hilo alilipenda. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amepaka resini, ile gundi nzito ya majimaji, juu ya nyuzi za kioo: matangi ya maji, mabeseni, bampa za magari, mara moja hata sanamu ya ng'ombe ya duka la maziwa. Alijua kwa kunusa tu kama kigandisho, dawa ya kuifanya resini iwe ngumu, kimezidi. Harufu ile haikutoka kwa sabuni yoyote, na mumewe alizoea kumtania kwamba ameoa kopo la rangi.

Ni yeye aliyemleta mdogo wake pale. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa darasa la tano. Brashi ndiye aliyemsuka nywele, akamfulia sare na kumkalia kooni mpaka akamaliza shule. Kisha akamwombea kazi ya kufagia. "Ni mwepesi wa kushika mambo," alimwambia fundi mkuu. "Hatakuangusha."

Hakumwangusha. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Fundi mkuu alipata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja kwenye mafunzo ya miezi mitatu, akajifunze kutengeneza vitu vya nyuzi za kaboni kwa kuvuta hewa. Kila mtu alijua atakayekwenda, na Brashi mwenyewe alishanunua begi. Lakini alitakiwa mtu anayesoma michoro na asiyebabaishwa na hesabu. Akaitwa mdogo.

"Dada, nikatae?"

"Ukatae, una wazimu?" Brashi alisema, akampa begi lile lile. Kisha akaingia bafuni kuoga, akakaa humo mpaka maji yakapoa kwenye ndoo.

Mdogo alirudi na pampu, geji ya kupimia hewa na maneno mapya. Kitambaa cheusi cha kaboni kilitandikwa kikavu kwenye kalibu yenye umbo la kitu kinachotengenezwa, kikafunikwa kwa mfuko wa nailoni, na kingo zikazibwa kwa utepe unaonata kama ulimbo. Pampu ilinyonya hewa mpaka mfuko ukabana kama ngozi juu ya mfupa. Hapo bomba lilifunguliwa, na resini ikajivuta yenyewe ndani. Hakuna aliyeshika brashi. Wenzao wakaanza kumwita mdogo Mwalimu, kwanza kwa utani. Utani ukaisha, jina likabaki.

Brashi alipatwa na kijiba cha roho ambacho hakuwahi kukijua. Alianza kuangalia nani anasalimiwa kwanza asubuhi. Fundi mkuu akiuliza jambo, aliangalia macho yake yanaelekea wapi. Aliona hata glavu za mdogo wake, safi, na vidole laini ndani yake. Jioni moja mumewe alisema wakati wa kula, "Shemeji kainuka kweli," naye akaitua sahani mezani kwa kishindo hadi mchuzi ukaruka.

"Nimesema nini tena?" mumewe aliuliza.

"Kula."

Ndipo kikosi cha uokoaji kilipoagiza machela nyepesi, ya kushushia majeruhi milimani. Kilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote walivyowahi kutengeneza kwa pampu, na watu watatu wa kikosi walikuja kutazama. Mdogo alizima pampu, akakodolea geji nusu saa nzima. Mshale haukutikisika; hewa haikuwa ikipenya popote. Akaiwasha tena, akaenda meza ya pili kuchanganya resini, huku wageni wakizunguka kalibu na kuegemea hapa na pale.

Brashi alipita na ndoo ya matambara. Kwenye kona ya kushoto, pale mmoja wao alipokuwa ameweka kiwiko, alisikia sauti nyembamba, kama mtu anayefyonza jino. Mkunjo wa mfuko ulikuwa umeinuka kidogo. Kidole gumba kingetosha kuuziba. Aliinamisha kichwa, akahakikisha. Nyuma yake mdogo alikuwa akiwaeleza wageni jambo, nao wakicheka na kuitikia.

Brashi akaenda zake kuosha matambara.

Kesho yake asubuhi walipobandua mfuko, machela ilikuwa na madoa makavu ya kijivu, ambako resini haikufika, kuanzia kona hadi katikati. Kama mlango mkavu unaobishwa, ndivyo ilivyolia fundi mkuu alipoigonga kwa kifundo cha kidole. Watu wa kikosi walitazamana, wakasema watarudi. Mdogo alisimama mikono ikining'inia.

"Nilipima," alisema. "Sijui hewa imeingilia wapi."

"Hapa," Brashi alisema, akaweka kidole kwenye kona ya mfuko uliobanduliwa. "Huu mkunjo."

Mfuko ulikuwa sakafuni, umekunjamana wote, mikunjo zaidi ya ishirini. Mdogo alitazama kidole, kisha akamtazama dada yake, muda mrefu. Akaanza kukusanya mabaki.

Walitoka kazini pamoja kama siku zote. Walipofika kwenye duka la viatu, mdogo akasimama.

"Uliisikia, dada."

Brashi alitaka kusema hapana. "Niliisikia."

"Kabla sijafungua bomba?"

"Kabla."

Mdogo alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa mbali. "Sitamwambia fundi mkuu," alisema, akatangulia.

Hilo ndilo lililomchoma Brashi kuliko yote. Hata katika hili, mdogo alikuwa mbele yake. Alilala vibaya siku tatu, akijikasirikia, na kumkasirikia mdogo kwa wema wake, ambao alitamani angekuwa nao yeye. Siku ya nne aliingia ofisini, akafunga mlango, akaeleza yote bila kujipamba. Fundi mkuu alimsikiliza huku akivua miwani. Akamhamishia kupiga msasa kwa miezi miwili, na akamtaka amwombe radhi mdogo wake mbele ya wenzao. Aliomba.

Machela ya pili ilipowekwa, mdogo alipima geji, kisha akaweka ndoo ya resini chini. "Sichanganyi mpaka dada apite."

Brashi alizunguka kalibu, sikio karibu na utepe, karakana nzima kimya. Alibonyeza sehemu mbili. Machela ikatoka nyeusi, inang'aa, bila doa.

Kikosi kilipokuja kuichukua, walipiga picha na Mwalimu. Brashi alisimama kando na msasa mkononi, na roho ikamuuma tena, kidogo. Akaivumilia. Picha ilipokwisha alimwita mdogo wake kando.

"Hesabu za ile geji," alisema. "Nifundishe."

Mdogo akavuta viti viwili.