Noti za Hijja ya Mastula

Mama Mkubwa Mastula alikuwa na ugomvi na benki tangu ujana wake, na wala hakuwa ameibiwa. Aliwahi kufungua akaunti pale Jinja, kwetu Uganda. Mwaka ulipoisha, karani akamwonyesha kwamba fedha yake imeongezeka kidogo. Akauliza nani ameiongeza. Karani akacheka, akamwambia hiyo ni faida, mama, chukua tu. Mama Mkubwa akachukua alichoweka mwenyewe, ziada akaiacha mezani, akatoka. Karani alimkimbilia hadi mlangoni akidhani amesahau.

Mama yangu, aliyekuwa mdogo wake, alikuwa akikisimulia kisa hicho kila tukikutana kwenye shughuli, nasi tukicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nimesomea biashara, nimeajiriwa kwenye duka la kubadilisha fedha mjini Mbale, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Kazi yake ilikuwa dagaa, ambao kwetu tunawaita mukene. Aliwanunua Masese, ufukoni mwa ziwa, wakiwa wamekaushwa tayari, akawapeleka kwa magunia hadi Nakaloke, hapo juu ya Mbale, ambako Wakenya huja kununua wa kutengenezea chakula cha kuku. Nyumbani kwake kulikuwa Mafubira, pale pale Jinja, na mumewe, Adrisi, ambaye sisi tulimwita Baba Adrisi kwa heshima, fundi wa baiskeli, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti. Hawakujaliwa mtoto. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, kwenda Makka kuhiji kabla magoti hayajamkatalia. Na Hijja, alisema, haiendwi kwa pesa yenye doa.

Kila akishauza mzigo Nakaloke alipitia dirishani kwangu. Siku moja, yapata mwaka 2009, aliniuliza swali ambalo wengi wenye digrii hawajiulizi.

"Shamim, milioni yangu ya mwaka jana ilinunua gunia kumi. Leo inanunua saba. Nani amekula tatu?"

Nikamweleza. Bei hupanda, na fedha iliyolala ndani huliwa polepole bila panya wa kumlaumu. Ndiyo maana watu huiwekeza. Nikamtajia hati za dhamana, yaani unaikopesha serikali.

"Iko na riba?"

"Iko."

"Endelea."

Nikamtajia hisa, kwamba unanunua kipande cha kampuni, ikipata unapata, ikipoteza unapoteza nayo. Hapo uso ukamchangamka, maana ulikuwa ushirika wa halali. Akauliza kampuni ninayomtajia inauza nini. Nikasema ni benki. Akanikata jicho. Nikamwambia basi ipo akaunti isiyotoa faida yoyote, ni ya kutunza tu. Akasema pesa yake haiwezi kulala chumba kimoja na pesa ya riba. Siku hizi tunazo huduma za benki zisizo na riba, lakini miaka ile kwetu hazikuwepo. Nilikuwa nimechoka na foleni nyuma yake imeanza kunung'unika, nikasema ili mradi nimesema.

"Basi tunza ya Kenya, Mama Mkubwa. Ile haianguki sana kama ya kwetu."

Akanishukuru, akaondoka. Nikasahau.

Yeye hakusahau. Tangu siku ile, Mkenya akimlipa kwa noti za elfu moja, moja au mbili aliziweka kando. Alizifunga kwenye nailoni, akazizika katikati ya gunia la dagaa ndani ya stoo yake Mafubira, na kila dagaa walipoanza kuharibika alibadilisha dagaa, noti zikabaki. Mwizi gani angechokora gunia lile? Miaka kumi alifanya hivyo. Aliyejua alikuwa Baba Adrisi peke yake. Mimi nilidhani amenunua mbuzi.

Baba Adrisi alifariki Jumatano moja mwishoni mwa Mei 2019, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mama Mkubwa akakaa eda. Asiyejua na ajue: mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwa mumewe miezi minne na siku kumi, bila mapambo, bila manukato, bila soko. Mama Mkubwa aliikaa kama alivyofanya kila kitu, bila kupunguza hata nukta. Redio ya marehemu aliigawa siku ya tatu, akasema nyumba inataka Kurani.

Siku hiyo hiyo, tarehe mosi Juni, Kenya ikatangaza kwamba noti zake za zamani za elfu moja mwisho wake ni tarehe thelathini Septemba. Mwenye nazo azipeleke benki za Kenya. Huku kwetu zikaacha kupokelewa mara moja. Tangazo la dukani kwetu niliandika mimi, kwa kalamu nene nyekundu, nikalibandika kwenye kioo.

Kati ya siku ile na mwisho wa Septemba nilikwenda Mafubira mara sita. Ya kwanza ilikuwa sikukuu ya Idi. Nilipeleka sukari, sabuni, mkate. Tulizungumza habari za marehemu, za magoti yake, za wajukuu wa jirani. Kwetu, mbele ya mjane aliye edani, mtu hafungui mdomo kuzungumza pesa. Atakayefungua ataambiwa amekuja kunusa mirathi. Hata wafanyabiashara wenzake wa Nakaloke, waliokuwa wakihangaika na noti zao usiku na mchana, walipokuja kumpa pole waliyaacha hayo nje ya geti. Adabu zetu ni nzuri sana. Mwezi wa nane aliniuliza mwenyewe, "Kazini vipi?" Nikamjibu, "Salama tu, Mama Mkubwa."

Eda iliisha Alhamisi, tarehe tatu Oktoba. Jumamosi yake akaingia dukani kwetu na kikapu, kanzu imepigwa pasi, uso umekonda lakini unang'aa. Akatoa bunda la nailoni, akalifungua mbele yangu. Harufu ya dagaa ikajaa duka zima, wateja wakaziba pua, na yeye anatabasamu tu.

"Iko mia nne na kumi. Hesabu kwa pesa yetu, mwanangu. Natoka hapa naenda kujiandikisha Hijja."

Laki nne na elfu kumi za Kenya. Karibu milioni kumi na tano za kwetu. Nilizishika, nikaona ni zile za zamani, zote. Bosi wangu, Isabirye, ndiye aliyeinama dirishani badala yangu.

"Mama, pole sana. Hizi zimekufa. Tangu Jumatatu."

"Imekufa namna gani? Si hii noti? Si namba yote iko?"

Nilivua beji ya kazi, nikamshika mkono, tukaenda Busia, mpakani, siku ileile, tukalala huko tukingoja Jumatatu, tukavuka upande wa Kenya. Afisa wa benki alimpa kiti na maji, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema sheria ni sheria. Nje ya benki kijana dalali akatufuata. Yeye angezichukua kwa robo ya thamani, akazipitishe huko ndani vijijini ambako habari hazijafika. Nilikaribia kusema ndiyo. Mama Mkubwa akamuuliza, "Na huyo wa mwisho kabisa, yeye atampa nani?" Kijana akacheka. Mama Mkubwa akafunika kikapu chake, tukarudi Uganda.

Alipofika Mafubira alimwendea Sheikh Lukman wa msikiti wa mtaani. Sheikh akamwambia kwa huruma kwamba mjane mwenye haja ya lazima anaruhusiwa kutoka mchana na kurudi kulala kwake. "Ungeniuliza, Mastula, ningekuruhusu siku ileile."

"Ningekuuliza nini, Sheikh, na mimi sikujua?"

Sheikh akamwombea dua, akamsindikiza hadi mlangoni.

Mama Mkubwa akaanza upya, ana miaka sitini na nne. Miezi sita haikupita, corona ikafunga njia, ikafunga na Hijja yenyewe. Njia zilipofunguka, magoti yalikuwa yamekwisha na sukari mwilini imepanda. Mapema mwaka 2023 alilala kitandani na hakuinuka tena. Niliomba likizo nikamuuguze, na siku moja mchana, wakati namkanda miguu, nikashindwa kuendelea kulibeba.

"Mama Mkubwa, lile tangazo la noti niliandika mimi. Nilikuja kwako Idi nalijua."

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ulikuja mara sita."

"Sita."

"Na yote sita ulikuwa unajua."

"Nilijua. Sikujua kama unazo."

Machozi yalinitoka. Akautafuta mkono wangu, akaushika.

"Wewe ungekuja na habari ya pesa, na Adrisi hana hata wiki ndani ya kaburi? Banange! Haki ya Mungu ningekufukuza, Shamim. Ningekufukuza kama mbwa." Akaupigapiga mkono wangu, akaomba maji.

Alikufa baada ya siku tisa. Sheikh Lukman ananiambia nia yake imeshaandikwa, na kwamba Mungu hamwulizi mtu asichokuwa na uwezo nacho. Naamini. Lakini heri angenifukuza. Ningelia njia nzima mpaka Mbale, na yeye angefika Makka.