Sentahafu Wangu wa Shaba

Juzi nilikwenda Kijenge kumsalimu binti yangu, nikawakuta wajukuu wamemwaga vizibo vya soda mezani, wanagawana timu. Kila mmoja anagombania washambuliaji. Mabeki wamebaki kwenye kopo, hakuna anayewataka. Nilikasirika, rafiki yangu, hata chai ikanishinda. Wao walidhani bibi anachukia kelele.

Sisi tulicheza hivyo Nkoaranga, enzi za Mwingereza, juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, msimu ukishaisha na magunia yamekunjwa. Mpira ulikuwa punje ya kahawa. Wachezaji walikuwa vifungo na vizibo, unawasukuma kwa ncha ya kidole. Mbao zilinuka maganda yaliyochacha, na kutoka jikoni kwa bibi yangu tulisikia ndizi zikitokota. Kaka zangu walianza na mafowadi. Mimi, msichana peke yangu pale kichanjani, nilianza nyuma: fulbeki wawili na hafubeki watatu, kama mwalimu wetu alivyotuonyesha. Fulbeki mmoja alikuwa kizibo kizito cha chupa ya dawa. Wa pili alikuwa kifungo cha pembe kilichomeguka ukingo, kila ukimsukuma anakwenda upande, nami nilimpenda vivyo hivyo. Hafubeki wa pembeni walikuwa vipande vya kibuyu nilivyovisugua kwenye jiwe mpaka vikawa mviringo.

Sentahafu, yule hafubeki wa katikati, alikuwa kifungo cha shaba chenye taji la Mfalme. Kilidondoka kutoka kwenye koti la jeshi la baba alipokuja likizo kutoka vitani. Nilipokiokota alicheka, akaniambia nimtunzie mpaka arudi. Hakurudi. Hatukuletewa hata kofia yake. Kaka zangu waliniahidi timu zao nzima ili niwape sentahafu yule, nikakataa.

Sasa sikia alichofanya baba yangu mdogo. Alikuwa anatafuta kazi ya utarishi kwa Bwana DC mjini Arusha, na koti lake lilipungukiwa kifungo cha juu. Hakuniomba. Nilipokwenda mtoni kuchota maji alifungua kopo langu la wachezaji, akamtoa sentahafu, akamshona kifuani, akateremka mjini kwa miguu. Askari wa getini aliliona lile taji. Alimuuliza amepigana vita gani, kisha akamwambia kifungo cha Mfalme hakivaliwi na raia, akakinyofoa pamoja na kitambaa chake. Baba mdogo alirudi na tundu kifuani, na kazi hakupata.

Niliacha kumwamkia. Kwetu mtoto anayempita baba yake mdogo bila shikamoo ni aibu ya ukoo mzima, lakini mimi nilimpita hivyo hivyo. Bibi alinikaripia, mama akanichapa, nikazidi kumpita. Ndipo baba mdogo akafanya jambo ambalo watu wazima hawawafanyii watoto. Alikata tawi la isale, mmea wetu wa kuombea msamaha, mpakani mwa shamba, akalifunga jani lake fundo, akaja nalo mpaka pale kichanjani akapiga goti mbele yangu. Kwetu ukiletewa isale, kesi imekwisha, hata kama ulikatwa mkono.

Bibi alinisukuma begani. "Pokea, mwanangu. Isale halikataliwi."

Nilipokea. Nikasema, "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama," alinijibu, macho chini.

Nilichukia. Nilikuwa bado na hasira yangu yote, na sasa hapakuwa na mtu niliyeruhusiwa kuitoa kwake. Nilikichomeka kile kijiti cha isale nyuma ya jiko, nikarudi kucheza bila sentahafu, nikafungwa mabao na kila mtu.

Kichanja kilishaoza. Mibuni imeng'olewa, na bibi na baba mdogo wamelala migombani. Isale lile limekuwa kichaka kinachozidi paa la jiko. Baba mdogo nilimsamehe kweli, ingawa ilichukua muda, maana angalau yeye alijua kwamba alinikosea. Lakini yule askari alikuwa ametumwa. Waingereza waliomtuma walimchukua baba yangu vitani, kisha wakakitaka na kifungo chake. Walipofunga mizigo yao wakaondoka, walipita njia zetu hizi za mlimani, na masale yameota kando ya kila njia. Hakuna aliyeinama kukata jani.