Madigadi ya Kushoto

Baba aliponiambia kwamba boneti yangu ni fupi, sikumwamini. Alikuwa amekaa barazani kwangu, Buswelu, pembeni mwa jiji la Mwanza, lori la bati likiwa mapajani mwake. Macho yake yalikuwa yamefika mahali pa kutofautisha mwanga na giza tu. Presha ya macho ilikuwa imechukua mengine yote. Mimi ndiye niliyekuwa na rula, kikokotoo na picha. Yeye alikuwa na vidole.

"Fupi kwa kiasi gani?" nikamuuliza.

"Boneti ile ilikuwa pima moja pungufu shibiri mbili. Nilikuwa naifuta kila asubuhi, nitasahauje?"

Nikamsimamisha, akanyoosha mikono, nikampima kwa utepe wa fundi cherehani kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Nikatoa shibiri zake mbili, nikagawa kwa ishirini, maana lori langu lilikuwa dogo mara ishirini kuliko lenyewe. Ikaja sentimita sita na nusu. Yangu ilikuwa tano na nukta nane. Nikaingia ndani, nikachukua mkasi wa bati, nikaanza boneti upya.

Nafundisha hisabati shule ya sekondari, na kwa miaka kama kumi sasa natengeneza magari madogo. Si yale ya kununua kwenye boksi vipande vikiwa tayari, kazi yako ikabaki kugundisha. Mimi naanza na vitu vilivyotupwa: kopo la maziwa kwa bodi, ndoo iliyopasuka kwa dashibodi, spoku za baiskeli kwa ekseli, soli za kandambili kwa matairi, chupa ya maji kwa vioo. Nilipokuwa mdogo kaka zangu walitengeneza magari ya waya na kuyasukuma hadi barabarani. Mimi nilikuwa na vyombo vya kuosha. Labda ndiyo sababu nilipopata nyumba yangu na meza yangu mwenyewe, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa tupa na koleo ndogo. Walimu wenzangu huniuliza nitaanza kuyauza lini. Gari moja hunichukua miezi saba au minane, na kinachonishika ni ile saa ambayo kilichokuwa kopo kinakataa kuitwa kopo tena.

Lori la baba nilikuwa nalitaka siku nyingi. Aliliendesha nikiwa bado sijaanza shule, akimbebea pamba tajiri mmoja, vijijini ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Picha iliyobaki ilikuwa moja tu, ya harusi ya shangazi, na lori lenyewe linaonekana nusu nyuma ya watu. Mama alipofariki na baba akahamia kwangu, nilifikiri kazi hii ingempa jambo la kuzungumza, kwa sababu hakuwa msemaji. Alikuwa anaweza kukaa mchana kutwa na kijiredio chake, ukimuuliza anaendeleaje anasema, "Nipo."

Ikawa kama nilivyotaka, na zaidi. Ukimpa kipande anakigeuza, anakipapasa kingo, kisha anasema. Kwamba ngazi ya kupandia ilikuwa na matundu matatu, si manne. Kwamba mlango wa dereva ulifungwa kwa komeo la nyumba kwa sababu kitasa kilikufa. Kwamba rangi ilikuwa ya bluu, lakini si bluu ya sare za shule. "Bluu ya ziwa wakati mvua iko Ukerewe lakini haijafika huku," alisema, na nilichanganya rangi wiki nzima nikiitafuta. Jioni nikitoka shuleni nilimkuta barazani ananisubiri. Aliniuliza nimefika wapi hata kabla sijaweka mkoba chini.

Madigadi za mbele nilizifanya mwisho, kwa sababu ndizo ngumu. Bati halipendi kuviringika pande mbili kwa mara moja. Nilichonga kalibu ya mti, nikaweka bati juu yake, nikaligonga pole pole kwa mpini wa kijiko, kutwa nne za Jumamosi. Ya kulia ikatoka, na ya kushoto ikatoka vizuri kuipita. Hata kucha haikukwama popote. Nilimpelekea asubuhi, akiwa amemaliza chai, nikakaa pembeni kusubiri sifa.

Akaanza kwenye bampa, akapita taa, akafika madigadi ya kulia, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Akahamia kushoto. Kidole gumba chake kikapanda hadi juu, kikateremka, kikarudi juu. Kikasimama hapo.

"Hii siyo," akasema.

"Nimekosea wapi, baba?"

"Hujakosea. Imenyooka mno."

Nikadhani ananitania. Akaniambia nifunge geti na nikae. Ndipo nikasikia jambo ambalo mama alikufa bila kuniambia, kama alilijua.

Msimu mmoja wa pamba, alisema, alikuwa anashuka kimteremko karibu na kijiji kimoja, lori limejaa, na mtu mwenye baiskeli akatokea kwenye njia ya pembeni. Madigadi ya kushoto ikampiga. Baba alisimama. Yeye na utingo wake wakampakia mbele, wakampeleka hospitali ya misheni. Yule mtu alifariki kesho yake. Polisi walikuja wakapima barabara, na mahakama ikasema kosa halikuwa la dereva. Watu wakamshauri asifike msibani, wasije wakamdhuru. Hakufika. Baadaye tajiri alitaka bati linyooshwe, baba akamwomba aliache.

"Kwa nini uliliacha?"

"Sijui. Niliona kulinyoosha ni kama kusema hakuna aliyepita pale."

Nikamwambia nitalibonyeza kama anataka. Akasema hapana, nimpe yeye. Akaweka gumba mahali pake, akakandamiza. Bati lilitoa sauti ndogo, likabonyea kama unga uliokandwa. Kazi yangu ya wiki nne. Sitasema sikuumia, maana niliumia. Lakini nilipoliangalia lori siku ile, kwa mara ya kwanza nililitambua. Nilikuwa na miaka mitano nilipokuwa napanda lori lile, na kumbe bonde lile nilikuwa nalijua, nilikuwa naweka mguu hapo.

Wiki mbili baadaye akasema anataka kwenda.

"Kwenda wapi?"

"Kwa watu wake. Kama wapo."

Jina la marehemu alikuwa nalo kichwani muda wote huo. Nilimpigia katekista wa upande ule niliyesoma naye chuo cha ualimu Butimba, na baada ya siku chache akanijibu kwamba mke wa marehemu yupo, ni mzee lakini ana nguvu, na amekubali tuje. Nilimuuliza kama aliambiwa sisi ni nani. Akasema ameambiwa kila kitu.

Tulivuka kwa kivuko cha Kamanga asubuhi ya Jumamosi. Baba alitaka tubebe lori. Mimi sikupenda. Nilimwambia hii si zawadi ya kumpelekea mtu wa namna ile, akajibu kwamba si zawadi, ila hataki kwenda kuzungumza habari za kitu ambacho amekiacha nyumbani. Basi nikalibeba mapajani, ndani ya boksi la viatu vya buti, na ng'ambo tukapanda bajaji.

Mama yule alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anachambua kunde kwenye ungo. Nikapiga goti, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Baba akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye akaitikia, sauti yake ikiwa haina ukali wala upole. Tukapewa viti. Baba akaniambia nifungue boksi, na mimi, kwa upumbavu wangu, nikalifungua na kuliweka lori mezani mbele yake, upande wa kushoto ukimwelekea.

Alilitazama. Mikono yake ikaacha kunde.

"Lifunike hilo gari kwanza," akasema. "Kisha tuongee."

Nikavua kitenge changu cha mabegani, nikalifunika. Miaka yote nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, kifanane, kifanane zaidi. Haikuwahi kunijia kwamba kufanana kunaweza kumgonga mtu kifuani.

Baba hakuona, lakini alielewa. Akaanza kusema bila kuzunguka. Alisema mahakama ilimwachia, na kwamba kweli baiskeli ilitokea ghafla. "Lakini kuna neno sikulisema mahakamani. Nilikuwa nakimbiza. Mawingu yalikuwa yamejaa, nilitaka nirudie safari ya pili kabla barabara haijaharibika. Ningekuwa taratibu, pengine ningemkwepa." Neno hilo hata mimi hakuwa ameniambia.

Kuku wakaja hadi kwenye ungo, mama hakuwafukuza.

"Sisi tuliambiwa ulikuwa umelewa," akasema mwishowe.

"Hapana. Sikuwa nimelewa."

"Miaka yote hii ungeweza kuja."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuja?"

"Niliogopa, mayu. Kwanza niliwaogopa ninyi. Baadaye niliogopa kwa sababu nilikuwa nimechelewa."

Akaitikia kwa koo tu. Halafu akauliza jambo ambalo hatukulitegemea. "Ulikuwa naye njiani. Alisema nini?"

Baba akainua uso. "Aliuliza baiskeli. Aliuliza kama baiskeli imepona. Nikamwambia imepona. Akasema si yake, ni ya kuazima, irudishwe leo leo. Alilisema mara mbili au tatu. Halafu akaomba maji, tukasimama nikampa."

Mama akaweka ungo chini. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini kulikuwa na kicheko ndani yake. "Ilikuwa ya shemeji," akasema. "Walikuwa wamegombana juu ya baiskeli hiyo hiyo. Ni yeye huyo. Hata angekufa na deni la kitambaa tu, angelitaja." Akajifuta kwa upindo wa gauni. "Mimi nilikuwa nafikiri alikaa kule peke yake, nyuma, juu ya pamba. Kila nikilala nilikuwa namwona juu ya pamba."

"Hapana. Alikaa mbele, pembeni yangu. Utingo alimshika."

Akanigeukia mimi. "Wapi? Nionyeshe."

Nikafunua kitenge. Nikafungua mlango wa kushoto wa lori, maana milango yangu huwa inafunguka, kwa bawaba za waya za unene wa uzi. Ndani kulikuwa na kiti kirefu cha watu watatu, nimekishona kwa kipande cha mkoba wa zamani na kukijaza sponji. Nilipokuwa nakishona nilijiambia kwamba hakuna atakayekiona. Ukifunga mlango hakionekani. Mama akainama hadi uso wake ukawa karibu na bati, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Ni kipana," akasema.

"Kilikuwa kipana," baba akajibu.

Alichungulia muda mrefu. Kisha akaufunga mlango mwenyewe, kwa ncha ya kucha, akasema tule.

Tulikula ugali na sato, na kunde mbichi alizochuma yeye. Hakusema amesamehe, na baba hakuomba kwa neno hilo. Tulipoaga nilimuuliza kama angependa tumwachie lori, akakataa waziwazi. "Mimi sikai na gari hilo. Rudini nalo." Lakini alitufungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa rambo, na akamshika baba mkono mpaka kwenye bajaji, akimwonyesha mahali penye jiwe.

Kivukoni nilimwangalia baba, nikataka kumuuliza kama amepata nafuu, nikaona ni swali la mtoto. Akaniuliza yeye: "Ulimwona uso wake?" Nikamweleza jinsi ulivyokuwa, kadiri nilivyoweza, akasikiliza hadi tukafika ukingo wa mjini.

Haya yalitokea karibu miaka miwili iliyopita. Sijaacha kutengeneza magari, ila kasi yangu imepungua, na siku hizi kabla sijaanza gari la mtu namuuliza kwanza kama kweli anataka kuliona. Wawili wameniambia hapana.

Mwaka huu, baada ya mavuno, mama yule alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa na miadi ya macho Mwanza, mtoto wa jicho, na hakuwa na pa kufikia. Alikaa kwangu siku nne. Baada ya upasuaji jicho lake lilipofunguliwa bandeji, alitoka barazani asubuhi akiwa na miwani myeusi, akavuta kiti karibu na baba, na mimi nikiwa jikoni nikawasikia. Alikuwa anamsimulia barabara. Kwamba jirani amemwaga kifusi cha mchanga hadi nusu ya njia. Kwamba anapita mwanamke na ndoo ya dagaa, na dagaa wenyewe wanaonekana wazuri.

"Mwite," baba akasema. "Muulize kisado anauzaje."

Akamwita.